Waya Uliopanda Darini

Nadège alikataa kiti.

"Nitasimama," alisema. "Kiti chako nilikikalia juzi. Hakikunisaidia kitu."

Inspekta Élie Wilondja akakisukuma kiti pembeni kwa mguu. Nje ya dirisha, askari mmoja alikuwa anatia mafuta kwenye gari kwa bidoni na mrija. Gari lile lilikuwa la kwenda Uvira. Mchana lingeondoka, na Nadège ndani yake akiwa na pingu, kupelekwa kwa mwendesha mashtaka. Faili ya kesi ilikuwa imeshafungwa na kupigwa muhuri. Kisha asubuhi ile kamanda akaifungua akiwa anakunywa chai, akauliza jambo moja tu: mwanamke huyu alikuwa amekaa wapi alipofanya hiki kitendo? Wilondja alikuwa amemfunga mtu na hakujua mtu huyo alikuwa amekaa wapi.

"Saa ile sauti za wazee zinafutwa kwenye mashine, ulikuwa wapi?" akauliza.

"Leo njo unauliza?"

"Leo njo nauliza."

Nadège akamwangalia mpaka Wilondja akatazama meza.

"Nilikuwa inje, ku baraza ya nyuma ya Kituo cha Sauti. Nilikuwa nanyonyesha mutoto."

"Mashine inasema jina lako."

"Jina langu lilikuwa ndani, chef. Mi nilikuwa inje."

"Kwa nini hukufunga kazi yako kabla ya kutoka?"

"We unakaa Baraka, unajua bomba ya maji. Ukitoka ku mustari na bidoni yako, fasi imekwisha. Ukiacha bidoni, fasi ni yako hata ukienda kupika. Kule kwetu ni vilevile. Ile mashine ina nguvu kidogo, haibebe batu bote mara moja. Ukifunga, mwengine anaingia, na we unangojea mupaka jioni. Basi hakuna mwenye kufunga. Tunaacha majina wazi, kama bidoni."

"Wote?"

"Bote. Hata Gentille mwenye kusimamia chumba."

Wilondja alikuwa amesoma jina kwenye skrini kama mtu anayesoma jina kwenye kitambulisho. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye Kituo cha Sauti jina ni bidoni tu iliyoachwa kwenye mstari.

"Nani alikuona ukinyonyesha?"

"Mama Pulchérie, muke wa Directeur wa kituo. Alifungua dirisha, akaniona, akafunga mara moja. Hakunisalimia. Nilishangaa, sababu ananisalimiaka siku zote."

Akaelekea mlangoni, ambako askari alikuwa anamngoja. Kisha akageuka.

"Chef, ulinipitisha mu soko na pingu. Bamama benye tunaimba nabo mu chorale baligeuza uso. Nimeambiwa jana usiku balitupa mawe ku manjanja, yale mabati ya nyumba yangu. Hata ukiniachilia, nitakaa hapa na uso gani?"

Wilondja alisema ataangalia. Neno lile lilitoka jembamba, na yeye mwenyewe alilisikia.

*

Kituo cha Sauti kilikuwa ghala la zamani la pamba karibu na ziwa. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi sauti za wazee. Walirekodiwa vijijini wakieleza mipaka ya mashamba, nani alilima wapi kabla ya vita, mto upi unagawa ukoo gani na ukoo gani. Nadège alizisikiliza sauti hizo za Kibembe na kuziandika. Zilizofutwa zilikuwa za wazee wa kijiji cha Lubondja. Baadhi yao walikuwa wameshakufa. Familia mbili za Lubondja zilikuwa zinagombania mlima mmoja wa mihogo, na sauti zile zingesikilizwa mbele ya chifu. Nadège alikuwa binti wa moja ya familia hizo. Wilondja aliona jina, akaona na sababu, akatoa pingu. Alijiona amefanya kazi haraka.

Sasa alikuwa anatembea kuelekea kule kituoni akiwa amebeba skrini begani.

Ilikuwa skrini ya Nadège. Siku ya kukamata aliichomoa mwenyewe na kuipeleka ofisini kama ushahidi, akaifunika gunia kwenye kona, akakataza mtu kuigusa. Watu wa kituo walimwangalia akiibeba, wakanyamaza. Baadaye sana ndipo askari mmoja mwenye shemeji pale alimwambia ukweli. Juu ya meza za kituo hakuna kompyuta. Kuna skrini, kibodi na kipanya. Kompyuta ni moja tu, imefungiwa ndani ya chumba kidogo pamoja na betri za sola, na waya zinatoka humo kwenda kila meza. Ile moja wanaiita mashine-mama. Skrini wanaziita batoto. Batoto hawana akili yao. Unachoandika kinakwenda kwa mama, mama anafikiri, anarudisha jibu. Wilondja alikuwa amekilinda mchana na usiku kioo kitupu.

Alipoingia, Gentille alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo shingoni.

"Eh! Chef amerudisha mutoto!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya mwisho. "Alisema nini mu kasho ya polisi? Alikubali kosa?"

Chumba kizima kikacheka. Wilondja akaiweka skrini mezani, akapangusa vumbi la gunia kwa mkono wa shati, akangoja kicheko kiishe. Hakikuisha haraka.

"Dada Gentille," akasema, "siku ile, Nadège alipotoka, nani alikaa hapa?"

"Hakuna mutu."

"Una hakika?"

"Mi nilikuwa hapa tangu asubuhi. Sikutoka hata kukojoa."

Kutoka meza ya jirani mtu akakohoa kikohozi cha uongo. Alikuwa Yasini, mwenye mashua mbili za kubeba mizigo. Siku hizi alikuwa anakuja kuandika tangazo la kuuza mota ya zamani.

"Ulikuwa hapa, Gentille?" Yasini akauliza kwa upole. "Basi ni pacha wako nilimuona kule barabarani na sahani ya ndagala na ugali."

"Nilikuwa na njaa!"

"Mi sisemi kitu. Nasema tu alikula vizuri, yule pacha."

Gentille akashika ule ufunguo kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Wilondja akamvuta pembeni. Kwa dakika chache alidhani amepata njia. Mwenye ufunguo, mwenye uongo, mwenye kujua kila jina lililoachwa wazi. Lakini muuza ndagala alikuwa upande wa pili wa barabara, akaitwa, akaja na mikono yenye mafuta, akaapa kwamba Gentille alikaa kwake tangu sahani ya kwanza mpaka makelele ya sauti zilizofutwa yalipoanza kituoni. Hata muuza ndagala huyo alimmwagia mchuzi kwenye kitenge na walishagombana juu ya hilo. Gentille alidanganya kwa sababu angefukuzwa kazi. Basi.

"Ungesema ulitoka," Wilondja akamwambia, "ningejua hakuna aliyeangalia hii meza."

"Na we ungeuliza, ningesema," akajibu. "We ulikuja na pingu mukononi. Nani anaongea na pingu?"

Wilondja akarudi kwa Yasini.

"Wewe hukutoka."

"Mi sikutoka."

"Nani alikaa hapa?"

Yasini aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akasimama, akarekebisha kofia yake. "Twende inje, chef."

Nje, nyuma ya ghala, kulikuwa na baraza fupi ya simenti. Kumbe hapo ndipo Nadège alipokaa kunyonyesha. Mbele yake, hatua chache tu, kulikuwa na nyumba ya Directeur na dirisha lake la nyuma.

"Utacheka," Yasini akasema.

"Sicheki. Leo nimeshachekwa vya kutosha."

"Hakuna mutu alikaa pale. Nadège aliacha kitambaa cha mutoto juu ya clavier, ile ya kuandikia, na kile kipanya, sababu ya vumbi. Kitambaa hakikutoka. Na mushale ulikuwa unatembea."

"Mshale gani?"

"Ule wa ndani ya kioo. Ulikuwa unatembea peke yake, chef. Mukono hakuna. Unaenda, unasimama, unatetemeka kama mulevi anatafuta mulango wa nyumba yake, unarudi. Na mu bile bya masikio bya Nadège nikasikia sauti ya muzee, kidogo sana, kama nyuki ndani ya chupa. Kibembe. Anaongea, anaongea. Kisha ikakatika."

"Kwa nini hukusema?"

Yasini alifuta uso kwa kiganja.

"Niseme nimeona shetani mu mashine? Mi ni mutu wa kuswali. Ijumaa nitasimama safu gani? Batanicheka mupaka Lweba. Nani atapandisha muzigo wake mu mashua ya mutu anaona mishale inatembea?" Akashusha sauti. "Nilimuona yule mama anapita na pingu. Nikaangalia chini. Tangu siku ile sila vizuri."

Wilondja hakuandika kitu. Alisimama akiyapanga maneno yale kichwani. Kitambaa hakikuguswa, kwa hiyo mkono haukuwa kwenye meza ile. Mshale ulitembea, kwa hiyo mkono ulikuwepo mahali pengine. Ulitetemeka, kwa hiyo ulikuwa mkono usiozoea. Na sauti ilisikilizwa kwanza. Mtu aliyekuja kufuta hakai kusikiliza. Na mtu anayekaa kusikiliza mzee akiongea hakuja kufuta.

*

Dany alikuwa fundi wa mashine-mama. Alivaa miwani ya jua juu ya kichwa hata ndani ya chumba kisicho na dirisha, na alianza kuongea kabla ya kuulizwa.

"Inspekta, hii mambo ni ya technique, hauwezi kuielewa hivi hivi, mi mwenyewe nilisoma Bukavu..."

"Zile waya," Wilondja akasema. "Zote zinaingia hapa?"

Juu ya mashine-mama kulikuwa na kisanduku chenye matundu, na kila tundu lilikuwa na waya wa buluu na kitaa kidogo cha kijani.

"Bote banaingia hapa. Kila mutoto na waya yake."

"Chomoa mmoja."

"Inspekta, batu banatumika—"

"Chomoa, urudishe. Kisha mwingine. Mmoja mmoja."

Dany akachomoa. Kutoka ndani ya chumba kikubwa sauti ikapiga kelele: "Eh! Yangu imekufa!" Akarudisha. Akachomoa wa pili. "Dany! We unatafuta nini?" Akarudisha. Wa tatu, mtu alitukana. Hivyo wakaenda, waya kwa waya, na kila waya ulikuwa na mtu wake wa kulalamika, mpaka walipofika kwenye tundu la pembeni kabisa. Dany aliruka tundu lile, mkono ukaenda kwenye linalofuata.

"Na huo?"

"Huo ni wa zamani. Haiko na kazi."

"Chomoa."

Dany akachomoa. Wakasikiliza. Kule ndani hakuna aliyelia.

"Unaona? Wa zamani."

"Mbona taa yake ilikuwa inawaka?"

Dany alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa machoni.

Wilondja akaushika waya ule kwa vidole viwili na kuufuata. Zingine zote zilishuka chini kuelekea sakafuni. Huu ulipanda ukutani, umefungwa vizuri kwa misumari, ukaingia kwenye tundu la dari ya mbao nyepesi za triplex. Alikanyaga kiti, akasukuma ubao wa dari kwa kichwa, akawasha tochi ya simu. Waya ulikwenda nyuma, juu ya mbao, ukatokea chini ya manjanja upande wa baraza.

"Unaenda wapi?" akauliza kutoka juu.

"Niliapa sitasema."

"Hii mashine inajua mkono ulitoka kwenye waya gani?"

Dany akaichezea miwani.

"Dany."

"Inajua."

"Na ulinipa jina la Nadège."

"Muliomba jina!" Sauti ya Dany ilipanda, kisha ikaanguka. "Mulisimama hapa na kamanda, mukasema: tupe jina. Nikawapa jina. Hamukuuliza waya. Nikajisemea, kama habaulizi waya..."

"Ukajisemea Mungu amekuokoa."

Dany alitazama viatu vyake. Wilondja akashuka kwenye kiti. Angependa kumkemea zaidi, lakini kijana alikuwa amesema kweli. Yeye ndiye aliyesimama hapa na kuomba jina.

Nje aliuona mara moja, ingawa alikuwa amepita chini yake asubuhi hiyo hiyo. Kutoka manjanja ya ghala mpaka nyumba ya Directeur kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Waya wa buluu ulikuwa umesokotwa juu ya kamba ile, na juu yake kulikuwa na vitenge na mashuka, vimebanwa kwa vibanio, vinadondosha maji.

*

Mama Pulchérie alifungua mlango nusu.

"Directeur ni mugonjwa."

"Tangu lini?"

Hakutaka kujibu, lakini hakuwa mwongo. "Tangu mulimuchukua Nadège."

"Siku ile ulifungua dirisha, ukamwona ananyonyesha. Ulifunga bila kumsalimia."

"Directeur alikuwa anajifunza. Hataki batu bamuone akijifunza." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Kisha mkono wake ukaenda mdomoni. Akauacha mlango wazi na kurudi jikoni.

Nicolas Asukulu, Directeur wa Kituo cha Sauti, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda katika chumba cha nyuma. Alivaa suti nzima na tai, miguu mitupu. Ndiye mtu aliyesimama mbele wageni walipokuja kutoka Kinshasa au Ulaya, akasoma hotuba ndefu za Kifaransa bila kukwama. Kwenye meza ya kona kulikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono, cheupe, chenye maua. Wilondja aliondoa kitambaa. Skrini, kibodi, kipanya.

"Dany alisema ni ya kusimamia," Nicolas akasema. "Nikikaa hapa naona kazi ya kila mutu mwenye kuacha jina wazi. Nagusa jina, naingia. Hivyo tuliwaambia bazungu waliotoa mashine. Kusimamia."

"Na kweli ilikuwa ya nini?"

"Ya kujifunza. Ningejifunza wapi? Kule, mbele ya bijana benye bananiita Directeur?" Akavuta pumzi. "Batu banajua mi nina diplôme. Mi niliacha masomo mu quatrième primaire, darasa ya ine, Wilondja. Zile hotuba, mutu ananiandikia, mi nazishika kichwani usiku."

Wilondja hakukaa. Hakukuwa na kiti.

"Siku ile Dany alikuwa Fizi, alienda kuleta betri. Mi nikakaa peke yangu. Nilitaka kusikia yaya yangu."

Kaka yake mkubwa, akaeleza, alikuwa mmoja wa wazee wa Lubondja. Ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa. Alikufa masika iliyopita, lakini kabla ya hapo Nadège alikuwa amemrekodi akieleza mipaka ya ule mlima. Sauti ilikuwemo ndani ya mashine. Ilikuwemo hata siku ya matanga.

"Ungemwambia Nadège akufungulie."

"Nimwambie nini? 'Mi Directeur siwezi kufungua, njoo unifungulie'? Nikaona jina lake liko wazi na mutu haguse. Nikaingia. Nikatafuta sana. Nikamupata. Nikasikia." Akatabasamu kidogo, bila kutaka. "Alikuwa anakohoa vilevile. Anasema, 'kutoka pale ku jiwe la mutoni...' Na mutu mwengine anacheka nyuma, yeye anamukataza. Nikasikia yote."

"Kisha?"

"Nilitaka kumurudisha mwanzo. Nimusikie tena. Nikafinya kitu. Ikatoka barua ndani ya kioo, Kifaransa kirefu. Inauliza."

"Inauliza nini?"

"Mi najua inauliza nini? Siku zote, Wilondja, Kifaransa kikija kirefu, mi nasema oui, ndiyo. Kwa bazungu, kwa bageni wa Kinshasa, kwa ministre. Oui, oui, bien sûr. Na inapita! Miaka yote inapita. Sikupata shida hata siku moja. Nikafinya oui. Ikauliza tena. Nikafinya oui tena. Yaya akatoka. Na benzake bote bakatoka."

Kutoka jikoni hakukuwa na sauti ya sufuria wala ya maji. Mama Pulchérie alikuwa anasikiliza.

"Nilipopita hapa na Nadège," Wilondja akauliza, "ulikuwa wapi?"

"Ku dirisha."

"Ulimwona."

"Nilimuona. Nikavuta rido."

Wilondja akaitazama ile rido, pazia la dirisha. Ilikuwa nzito, ya kahawia, imeshikwa kwa pini mbili ili isifunguke. Alitaka kumdharau mtu huyu. Aliitafuta dharau akaikosa, kwa sababu kila alipoanza kuishika aliona skrini chini ya gunia katika kona ya ofisi yake.

"Tunaweza kusema panne," Nicolas akanong'ona. "Panne ya mashine. Umeme ulikatika, sauti zikaenda. Mashine haitabisha. Nadège anatoka, mi nabaki, na we pia, Wilondja. We pia utabaki na heshima."

Alisema ile ya mwisho kwa upole, na ndiyo iliyouma.

Wilondja akatoka barazani kupiga simu. Alimweleza kamanda yote, kuanzia waya mpaka oui. Kamanda akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Andika panne," kamanda akasema. "Ni safi. Utaniambia nini, tumufunge Directeur sababu alisema oui? Hapana kesi. Na gazeti la Bukavu lisikie kwamba OPJ, mupelelezi wangu, alishika television akaiita shahidi? Andika panne, toa yule mwanamuke, kila mutu arudi kwake."

Wilondja alisimama pale, simu sikioni, chini ya mashuka yanayodondosha maji. Panne. Neno fupi, na lingewatosha wote. Dany angebaki na kazi. Gentille na ufunguo. Yasini na mizigo yake. Yeye mwenyewe asingeandika popote kwamba hakuuliza. Wote wangetoka safi, isipokuwa mmoja. Lubondja wangesema: binti wa ule ukoo amefuta wazee wetu, na polisi wamemwachilia kwa kukosa ushahidi. Usiku wangerudi na mawe, na safari hii wasingelenga manjanja.

"Kamanda," akasema, "gari lisiondoke na Nadège."

"Nimeshasema atoke. Na panne?"

"Panne haitarudisha uso wa mtu."

Akakata kabla hajajibiwa. Akarudi chumbani.

"Vaa viatu, Papa Nicolas."

*

Nadège alitoka kasho akifunika macho kwa mkono sababu ya jua. Alimwona Wilondja, akamwona Directeur nyuma yake. Wilondja akamweleza pale pale mlangoni, kwa maneno machache. Nadège alisikiliza bila kuuliza kitu. Wilondja alipofika kwenye sauti ya yule mzee wa Lubondja, Nadège alitikisa kichwa polepole.

"Ningekufungulia, Papa Directeur," akasema. "Ningekufungulia na nisingesema kwa mutu."

Nicolas akashika fundo la tai yake.

"Nimekuletea pikipiki," Wilondja akasema. "Dereva atapita njia ya ziwa. Hakuna mtu atakuona mpaka nyumbani."

"Njia ya ziwa?"

"Ni kimya."

"Chef, ulinileta mbele ya batu. Sasa unirudishe nyuma ya nyumba kama muharamia? Mi napita soko. Nyinyi bote munapita na mi."

Ilikuwa mchana, soko limejaa. Waliingia upande wa mihogo, Nadège mbele, wanaume wawili nyuma yake. Bei zilikatika midomoni. Mama mmoja aliyekuwa anapima mawese aliacha chupa ikijaa mpaka ikamwagika. Wawili kati ya waimbaji wa chorale walikuwa kwenye meza ya nguo. Mmoja wao alianza kugeuza uso, kisha akaona mikono ya Nadège haina pingu, akabaki hivyo, shingo nusu njia.

Katikati ya soko Nadège akasimama.

"Hapa," akasema.

Nicolas Asukulu alifunga kifungo cha koti. Akapanda juu ya gogo linalotumiwa na wauza nyama. Mgongo ukanyooka wenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya sherehe, nene, iliyozoea watu wakae kimya.

"Mesdames, messieurs, chers compatriotes..."

"Papa Nicolas," Nadège akasema. "Sema na Kiswahili. Leo hakuna mugeni hapa."

Sauti nene ikakatika. Aliyebaki juu ya gogo alikuwa mzee mfupi mwenye tai. Akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, akianza na yaya yake na kumalizia na rido. Alikosea mpangilio, akarudi nyuma, akarekebisha. Hakuruka kitu.

"Ulifinya oui?" akauliza mama wa mawese.

"Nilifinya oui."

"Na haukujua inasema nini?"

"Sikujua."

Mtu akacheka nyuma kwenye vitunguu, na kicheko kikaanza kusambaa, lakini kilipomfikia Nadège hakikupita. Kikafa. Nicolas alishuka kwenye gogo akishikilia bega la mtu asiyemjua.

Nadège akamgeukia Wilondja.

"Na we."

Hakupanda kwenye gogo. Alivua kofia ya kazi, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Mi njo nilimufunga," akasema. "Nilimufunga bure. Sikuuliza alikuwa wapi."

Mama wa chorale waliinua vichwa. Upande wa samaki watu walikuwa wanasukumana, wakiulizana amesema nini.

"Sema na nguvu," Nadège akasema. "Bale ba nyuma habasikie."